Hifadhidata ya NASA Exoplanet Archive: Inamfaa Kiasi Gani Anayechunguza Kuzaliwa kwa Vibete Kahawia?

Mtu anayetaka kuelewa jinsi vibete kahawia vichanga, magimba yaliyo kati ya sayari na nyota kwa masi, vinavyojengeka kando ya nyota huanza kwa kutafuta orodha ya vile vilivyokwisha kuonekana, yenye masi, umbali kutoka kwa nyota, umri wa mfumo na chapisho ambalo kila namba imetolewa. Huduma inayotajwa mapema katika shughuli hiyo ni NASA Exoplanet Archive, hifadhidata ya bure inayoendeshwa na taasisi ya NASA inayoshughulikia sayansi ya sayari za nje, katika kituo cha IPAC kwenye chuo cha Caltech huko Pasadena, Marekani. Ilifunguliwa kwa umma mwishoni mwa 2011, na mnamo Septemba 2025 idadi ya sayari zilizothibitishwa ndani yake ilifikia 6,000. Wingi huo hauhusiki sana na tathmini hii. Ninachokipima ni kama huduma inamsaidia msomaji kuamua iwapo gimba lenye masi ya Mshtarii mara 15, au 25, au 40, lilizaliwa kwa njia ya sayari au kwa njia ya nyota. Jibu langu, baada ya kuitumia kwa kazi hiyohiyo, ni kwamba inasaidia sana hadi mahali fulani, na mahali hapo pamewekwa na kanuni ya hifadhi yenyewe.

Ni lazima kwanza kueleza ugumu wa swali, kwa sababu huduma ya aina hii haiwezi kupimwa bila kujua inatakiwa kujibu nini. Kibete kahawia ni gimba lenye masi kati ya takriban mara 13 na mara 75 hadi 80 ya Mshtarii. Chini ya mpaka wa kwanza deuteri (aina nzito ya hidrojeni) haiwezi kuungana katika kiini chake. Juu ya mpaka wa pili hidrojeni huanza kuungana kwa kudumu, na gimba huwa nyota kamili. Mipaka hiyo inaeleza kinachotokea ndani ya gimba baada ya kuzaliwa, wala haisemi lolote kuhusu namna lilivyozaliwa. Gimba la masi ya Mshtarii mara 12 na jingine la mara 14 yanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, ilhali magimba mawili yenye masi ileile yanaweza kuwa yametokana na michakato isiyohusiana hata kidogo.

Michakato inayojadiliwa ni mitatu. Katika wa kwanza, vumbi na barafu ndani ya diski inayoizunguka nyota changa hushikamana hadi kuwa kiini chenye masi ya takriban mara kumi ya Dunia, kisha kiini hicho huvuta gesi iliyokizunguka. Ndiyo njia inayokubaliwa zaidi kwa sayari kama Mshtarii, lakini inahitaji muda, na diski nyingi hutoweka ndani ya miaka milioni chache; kwa hiyo ni vigumu kuitumia kueleza gimba zito la masi ya Mshtarii mara 20 lililo mbali na nyota yake mara mia moja au zaidi kuliko Dunia ilivyo mbali na Jua. Katika mchakato wa pili, diski iliyo nzito mno, tuseme yenye masi inayofikia sehemu moja ya kumi ya masi ya nyota yake, huelemewa na mvutano wake yenyewe na kukatika mapande katika maeneo ya nje, ambako gesi hupoteza joto upesi kiasi cha kuruhusu mapande hayo yaporomoke. Mapande hayo hayaachi kumeza gesi, na ndiyo sababu nadharia inatarajia mengi yaishie kuwa vibete kahawia au nyota ndogo. Mwaka 2016 darubini ya ALMA nchini Chile ilitoa picha ya mfumo mchanga wa L1448 IRS3B, katika eneo la Perseus, ukiwa na nyota tatu na mkono wa diski unaojipinda hadi ilipo ile ya tatu. Hadi leo picha hiyo ni miongoni mwa ushahidi wa wazi zaidi kwamba diski zinaweza kukatika hivyo.

Mchakato wa tatu hauhitaji diski. Wingu la gesi lenyewe hugawanyika linapoporomoka, kama inavyotokea kwa nyota maradufu, na makadirio yanaonyesha kwamba mgawanyiko huo unaweza kushuka hadi masi ya Mshtarii mara chache tu kabla gesi haijasongamana kiasi cha kuzuia joto lisitoke. Mfano ninaoupenda ni 2M1207 b, iliyopigwa picha mwaka 2004 kwa darubini ya VLT. Ina masi ya takriban mara 5 ya Mshtarii, na kinachozungukwa nayo si nyota bali kibete kahawia cha masi ya takriban mara 25. Diski ya kibete kama hicho ni nyepesi mno kutoa mwenzi wa namna hiyo, kwa hiyo maelezo yanayoingia akilini ni kwamba wawili hao walizaliwa kama nyota maradufu ndogo kupita kiasi. Hata hivyo hifadhi ya NASA inaiorodhesha pamoja na sayari, kwa kuwa hifadhi hupanga kwa masi na haipangi kwa uzazi. Ufafanuzi wa kazi uliorekebishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 2018 ungeiacha nje, maana unataka masi ya sayari iwe chini ya takriban sehemu moja ya ishirini na tano ya masi ya kile inachokizunguka. Hifadhi haitumii kigezo hicho. Siilaumu kwa hilo. Orodha inayoacha nje magimba yenye utata ina hasara kubwa kuliko inayoyaingiza, ilimradi msomaji ajue yameingiaje.

Sasa kwenye sehemu ambayo huduma hii inastahili sifa bila masharti. Vibete kahawia vichanga hung'aa kwa joto la kuzaliwa kwao na hufifia kadiri vinavyozeeka, na ndiyo maana vingi vya vile vilivyopigwa picha kando ya nyota vina umri wa miaka milioni chache hadi mamia ya mamilioni. Ujana huo unarahisisha kuviona na papo hapo unatatiza kuvipima. Vinavyokaa mbali na nyota zake huchukua mamia au maelfu ya miaka kukamilisha mzunguko mmoja, kwa hiyo masi yake haipatikani kwa kufuatilia mwendo. Hukadiriwa kwa kuchukua mwangaza uliopimwa, umri unaodhaniwa wa nyota, na modeli inayosema gimba la masi fulani linapaswa kung'aa kiasi gani katika umri huo. Badilisha umri, na masi inabadilika nao.

Kappa Andromedae b ni somo kamili la jambo hili. Waliotangaza ugunduzi wake walichukulia kuwa nyota yake ni mmojawapo wa kundi la nyota zenye umri wa miaka milioni 30 hivi, wakapata masi ya takriban mara 13 ya Mshtarii, palepale kwenye mpaka wa sayari na kibete. Muda mfupi baadaye, mnamo 2013, watafiti wengine walidai kwamba nyota ina umri wa takriban miaka milioni 220, na mwenzi wake akapanda hadi mara 50. Mwaka 2016 vipimo vya upana wa nyota yenyewe vilirudisha umri kwenye miaka milioni 47 hivi na masi kwenye mara 22. Gimba halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni saa iliyotumiwa kulipimia umri, na katika mabadiliko hayo gimba lilitoka katika eneo la sayari, likaingia katikati ya eneo la vibete, kisha likarudi nusu ya njia. GQ Lupi b, iliyotangazwa mwaka 2005, ilianza na hali mbaya zaidi: wagunduzi wake walitoa masi ya kati ya mara 1 na mara 42.

Kwa magimba ya aina hii jedwali kuu la hifadhi, linaloitwa Planetary Systems, lina muundo sahihi kabisa. Kila chapisho lina mstari wake. Gimba lililopimwa na vikundi vitano vya watafiti linaweza kuwa na mistari mitano, kila mmoja ukiwa na masi, makosa ya juu na ya chini (yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea), vipimo vya nyota vilivyotumiwa na kiungo cha chapisho lenyewe. Mmoja wao hutiwa alama kuwa ndio chaguo la msingi, lakini mingine haifichwi. Msomaji anayefungua ukurasa wa gimba moja huona mabishano yote yamepangwa mbele yake. Hifadhi hueleza pia katika safu tofauti kama namba iliyotolewa ni masi halisi au ni masi ya chini kabisa inayowezekana, kwa sababu mbinu ya kupima mtikisiko wa nyota haioni mwinamo wa mzingo.

Umuhimu wa safu hiyo ya mwisho unaonekana kwa HD 114762 b. Gimba hilo lilitangazwa mwaka 1989, likiwa na masi ya chini kabisa ya takriban mara 11 ya Mshtarii, na kwa miaka mingi lilitajwa kama kibete kahawia kinachowezekana au hata sayari ya kwanza iliyopatikana kabla ya wakati wake. Vipimo vya Gaia, chombo cha angani kinachopima mahali na mwendo wa nyota, vilipoonyesha kwamba mzingo wake unatazamwa karibu kutoka juu, masi ya kweli ilipanda hadi ile ya nyota ndogo. Anayechora grafu ya masi bila kutenganisha namba za aina hizo mbili anajitengenezea vibete kahawia visivyokuwepo, na hifadhi imempa njia ya kuepuka kosa hilo kwa kichujio kimoja tu.

Sifa zinapungua ninapofika kwenye jedwali la pili, lile linalounganisha vipimo na kumpa kila gimba mstari mmoja usio na nafasi tupu nyingi. Linachukua chaguo la msingi na kujaza mapengo yake kwa namba kutoka machapisho mengine. Hifadhi yenyewe inaonya waziwazi kwamba namba za mstari mmoja huenda zisiafikiane, na onyo hilo ni la haki. Shida ni kwamba uzito wake haulingani kwa magimba yote. Kwa sayari inayopita mbele ya nyota yake, kuchanganya upana kutoka kwa chapisho moja na joto la nyota kutoka kwa jingine huleta tofauti ambayo mara nyingi inavumilika. Kwa kibete kahawia kichanga, masi imekokotolewa kutokana na umri. Ukiweka masi iliyotokana na umri wa miaka milioni 30 kando ya safu ya umri inayosema miaka milioni 220, mstari huo hauelezi gimba lolote lililopo angani. Na kwa bahati mbaya jedwali hilo ndilo linalovutia, kwa sababu ni jepesi kupakua, halina marudio, na grafu zake hutoka zimejaa. Naona hifadhi ingepaswa kuliwekea alama ya pekee kwa magimba yaliyopatikana kwa picha, ambayo ni sehemu ndogo sana ya orodha nzima na ambayo kasoro hii huyaumiza kuliko mengine yote.

Jambo la pili ninalolitilia shaka ni kikomo. Hifadhi huingiza magimba ambayo masi yake, au masi yake ya chini, haizidi mara 30 ya Mshtarii. Huo ni uamuzi wa kiutendaji, na kila orodha lazima iishie mahali. Lakini matokeo yake kwa swali la uzazi yanahitaji kuangaliwa kwa makini, maana yana pande mbili zinazopingana.

Upande mmoja kikomo hicho ni cha ukarimu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na Kevin Schlaufman ulionyesha kwamba magimba yaliyo chini ya takriban mara 4 ya Mshtarii hupendelea nyota zenye metali nyingi (kwa wanaastronomia, elementi zote nzito kuliko heli), jambo linalotarajiwa kama yalijengwa kutoka kwenye viini vya vumbi na barafu, ilhali yaliyo juu ya takriban mara 10 hayana upendeleo huo. Kama mpaka wa michakato uko hapo, basi hifadhi inayofika mara 30 inauzunguka mpaka kwa nafasi ya kutosha pande zote, na inampa msomaji safu ya metali za nyota ya kujaribia dai hilo mwenyewe. Nimelijaribu kwa namna hiyo na naona huduma inatosha kabisa.

Upande wa pili, kikomo hukata palepale panapohitajika. Wanaastronomia wamejua tangu mwanzo wa karne hii kwamba karibu na nyota zinazofanana na Jua, ndani ya vizio astronomia vichache (kizio kimoja ni umbali wa Dunia kutoka kwa Jua), vibete kahawia ni adimu mno kulinganisha na sayari zilizo nyepesi kuliko wao na nyota zilizo nzito kuliko wao. Eneo hilo tupu limezoeleka kuitwa jangwa la vibete kahawia. Mwaka 2014 Bo Ma na Jian Ge walikusanya vibete vilivyojulikana ndani ya jangwa hilo na kuona kwamba vinagawanyika kwenye masi ya takriban mara 42.5. Vilivyo chini ya hapo vina mizingo ambayo kurefuka kwake kunapungua kadiri masi inavyoongezeka, tabia inayokumbusha magimba yaliyokulia katika diski na kusukumana na majirani. Vilivyo juu ya hapo vina mizingo inayofanana na ya nyota maradufu. Msomaji anayetumia hifadhi ya NASA peke yake hawezi kulikubali wala kulikataa dai hilo, kwa kuwa ameonyeshwa upande mmoja tu wa mpaka. Zaidi ya hayo, anaweza kuona magimba yakipungua kuelekea mara 30 na kudhani ameona jangwa lenyewe, kumbe sehemu ya upungufu huo imetokana na kanuni ya kuorodhesha.

Kwa sababu hiyo tathmini hii haikamiliki bila kutaja orodha ya Paris, exoplanet.eu, iliyoanzishwa na Jean Schneider mwaka 1995 katika kituo cha uangalizi wa anga cha Paris. Orodha hiyo iliwahi kuwa na kikomo cha mara 25, ikakipandisha hadi mara 60, kwa hoja kwamba uhusiano wa masi na msongamano hauonyeshi mvunjiko wowote kwenye mara 13 na unaendelea bila kukatika hadi karibu na eneo la nyota. Inamruhusu msomaji kuchuja magimba kwa hadhi, yaani yaliyothibitishwa, yanayosubiri uthibitisho, yenye utata na yaliyofutwa; kwa magimba machanga ambayo kila mwaka huleta ubishi mpya, chujio la wenye utata ni zawadi. Udhaifu wake ni upande ambao hifadhi ya NASA ni imara: kila gimba lina mstari mmoja, machapisho yamekusanywa chini ya ukurasa wake, na si rahisi kujua mara moja namba ipi imetoka wapi. Ninavyoona, hizi mbili hazishindani kwa kazi tunayoizungumzia. Ya Paris inaonyesha upana wa eneo, ya NASA inaonyesha asili ya kila namba, na anayechagua moja tu anapoteza kimojawapo.

Gliese 229 B inafaa kutajwa hapa ingawa si changa. Iliyotangazwa mwaka 1995, ndiyo iliyoondoa shaka kwamba vibete kahawia vipo na vinaweza kuzunguka nyota. Kadiri mwendo wake ulivyopimwa vizuri zaidi, masi ilifika takriban mara 71 ya Mshtarii, na hapo modeli zikakwama, kwa kuwa gimba zito kiasi hicho lingepaswa kung'aa kuliko linavyong'aa. Mwaka 2024 ilibainika kwamba ni mawili, ya masi ya takriban mara 38 na mara 34, yanayozungukana kwa siku 12 hivi. Kwa kikomo cha 30 gimba hili halikuwa na nafasi kabla wala baada ya ugunduzi huo. Kwa kikomo cha 60 lilikuwa nje lilipodhaniwa kuwa moja, na lilipogawanyika kila nusu ikashuka chini ya mstari. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi vikomo vya masi visivyo na habari ya historia ya gimba.

Kuhusu mizingo, nitasema kwa ufupi. Utafiti wa Brendan Bowler na wenzake wa mwaka 2020, uliohusisha magimba 27 yaliyopigwa picha kati ya vizio astronomia 5 na 100, ulikuta kwamba yale ya masi ya sayari yana mizingo iliyo karibu na duara, wakati vibete kahawia vina mizingo ya kila namna, mingi ikiwa imerefuka sana. Ni dokezo zito kwamba makundi hayo hayakuzaliwa kwa njia moja. Hifadhi ina safu ya kurefuka kwa mzingo pamoja na makosa yake, lakini kwa magimba ya picha safu hiyo mara nyingi ni tupu au ina makosa makubwa, kwa kuwa kilichoonekana ni kipande kifupi cha njia. Hapo lawama haiendi kwa hifadhi hata kidogo. Inaandika kilichochapishwa, na anga haiendi haraka kwa ajili ya mtu.

Kemia ni suala tofauti, na hapa nina dai kali zaidi. Kila mchakato wa uzazi unatarajiwa kuacha alama katika angahewa: gimba lililokatika moja kwa moja kutoka kwenye gesi linapaswa kuwa na uwiano wa kaboni na oksijeni unaofanana na wa nyota yake, wakati lililokua polepole kwa kumeza gesi na barafu katika sehemu tofauti za diski linaweza kutofautiana nayo. Mwaka 2024 kikundi kilichoongozwa na Jerry Xuan kilichapisha vipimo vya kifaa cha KPIC kwenye darubini ya Keck huko Hawaii kwa magimba manane machanga ya masi kati ya takriban mara 10 na mara 30, na angahewa zake zikaonekana kuwa na muundo unaokaribiana na wa Jua. Matokeo hayo yanaelekeza kwenye kukatika kwa diski au kwa wingu, na yanahusu hasa magimba ambayo kikomo cha hifadhi kinayaruhusu. Lakini majedwali makuu hayana safu ya uwiano wa kaboni na oksijeni. Msomaji anaweza kuchuja kwa masi, kwa umbali, kwa mwaka wa ugunduzi, hata kwa kituo kilichogundua, ila kipimo kinachozungumza kwa ukaribu zaidi kuhusu uzazi hana budi kukitafuta katika machapisho, moja baada ya jingine. Kwa hifadhi yenye nidhamu ya namba kiasi hiki, pengo hilo linashangaza, na nadhani litakuwa kubwa zaidi kadiri vipimo vya darubini ya James Webb vinavyoongezeka.

Kuna pia matumizi ambayo huduma haikukusudiwa na ambayo watu huyafanya kila siku, yaani kukadiria ni nyota ngapi zina vibete kahawia kwa kuhesabu mistari. Orodha ya vilivyoonekana haina habari ya nyota zilizotazamwa bila kuonekana kitu. Takwimu hizo hutoka kwenye uchunguzi uliopangwa, kama ule wa kifaa cha Gemini Planet Imager, ambao katika nyota 300 za kwanza, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, ulikutana na sayari sita na vibete kahawia vitatu, na baada ya kusahihisha kwa visivyoonekana ukakadiria kwamba chini ya asilimia 1 ya nyota zina kibete kahawia kati ya vizio astronomia 10 na 100. Namba ya namna hiyo haiwezi kutolewa na jedwali lolote la hifadhi, hata kwa kuchuja namna gani.

Upande wa matumizi ya kila siku sina malalamiko. Hakuna malipo wala usajili unaohitajika kusoma na kupakua, majedwali hutoka katika miundo ya kawaida, safu zimeelezwa moja moja katika kurasa za msaada, na anayejua kuandika maswali kwa lugha ya ADQL anaweza kuomba data moja kwa moja kutoka kwenye programu yake bila kupitia ukurasa. Wahariri huongeza machapisho mapya mara kwa mara. Mpya kabisa katika somo hili atahitaji muda kuzoea majina mafupi ya safu, ambayo yametungwa kwa ajili ya kompyuta kuliko kwa ajili ya binadamu.

Kwa anayechunguza vibete kahawia vichanga, ushauri wangu ni atumie jedwali lenye mstari kwa kila chapisho na aachane na lile la kuunganishwa. Achukue masi na umri kutoka mstari mmoja tu. Atenganishe masi za chini na masi halisi kabla ya kuchora chochote. Kisha aende orodha ya Paris kwa yaliyo kati ya mara 30 na mara 60. Kama hifadhi ingeongeza safu moja tu kwa magimba ya picha, ningeomba itaje modeli ya kupoa iliyotumika kupata masi, kwa kuwa modeli inayoanza na gimba lenye joto kali na ile inayoanza na gimba baridi hutoa majibu yanayotofautiana zaidi katika ujana.

Toleo la nne la data za Gaia, lililopangwa kutoka Desemba 2026, linatarajiwa kuleta masi nyingi zilizopimwa kwa mwendo wa nyota bila kutegemea modeli hizo. Dalili zimeshaonekana: mwaka 2025 zilithibitishwa kwa njia hiyo Gaia-4b, ya masi ya takriban mara 12 ya Mshtarii, na Gaia-5b, kibete kahawia cha takriban mara 21 chenye mzingo uliorefuka sana, zote zikizunguka nyota ndogo. Vipimo hivyo vitanufaisha zaidi magimba yenye mizunguko ya miaka michache. Wenzi wachanga walio mbali, wale wa aina ya GQ Lupi b, watabaki na masi za kukadiria, na katika hifadhi wataendelea kuhitaji kusomwa mstari kwa mstari.